Ibambasi, na Ukimya Wangu

Siku niliyoripoti kwenye kazi yangu ya kwanza, meneja wa mradi aliniuliza kama nasikia Kisukuma. Vibarua karibu wote walikuwa Wasukuma, naye alitaka mtu wa kumsaidia kuelewana nao. Nikamjibu kwamba sisikii hata neno. Kisukuma ndicho nilichoanza kusema kabla ya Kiswahili. Ndicho alichonibembelezea mama, na ndicho tunachoongea nyumbani Ushetu mpaka leo. Uongo ule wa sekunde chache niliutunza kwa miezi, na ukawagharimu watu ambao hawakunikosea chochote. Nauandika kwa sababu wasichana wa kwetu wanazidi kumaliza vyuo vya uhandisi na kuingia saiti, na najua baadhi yao wanaingia na hofu ileile niliyoingia nayo.

Nieleze nilikotoka. Ushetu ni halmashauri ya vijijini katika Wilaya ya Kahama, ilianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu yako Nyamilangano. Dhahabu inayoutangaza ukanda wetu iko kwa majirani: Bulyanhulu iko Msalala, Buzwagi iko pembeni mwa mji wa Kahama, na mgodi mkubwa wa Geita uko mbele zaidi. Kwetu sisi ni tumbaku, mahindi, mpunga na ng'ombe. Nimekulia kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Ada yangu ilingoja siku ambayo chama cha msingi cha ushirika kingelipwa kisha kitulipe sisi, na kuna mwaka malipo yalichelewa mpaka ikabidi ng'ombe auzwe.

Takwimu za mkoa wetu wa Shinyanga zimenukuliwa mara nyingi: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kwa mujibu wa utafiti wa afya wa mwaka 2010. Wengi niliosoma nao msingi nao waliolewa kabla ya umri huo. Mimi sikuolewa mapema kwa sababu baba aliwarudisha watu waliokuja na habari ya mahari nikiwa kidato cha pili. Aliwaambia bado nasoma, akarudi shambani, na suala hilo hakulizungumza tena.

Shule yetu ya kata haikuwa na maabara. Fizikia tuliisoma kwa kuchora vifaa ubaoni. Kalipa ya vernia, ambayo nilikuwa nimeichora mara nyingi kwa rula, niliishika kwa mara ya kwanza chuo kikuu, na nilisubiri wenzangu waanze ili nione inashikwaje. Hilo sikumwambia mtu. Halafu kulikuwa na ulimi. Ulimi wangu ulichanganya r na l kama wa watu wengi wa kwetu, na kila nilipoinuka kuwasilisha kazi darasani kulikuwa na mtu nyuma anayerudia neno langu ili wengine wacheke. Nikajifunza kuongea polepole. Nikajifunza kuchagua maneno yasiyo na hatari. Kufikia mwaka wa tatu hakuna aliyeweza kubahatisha natoka wapi, na nilijisikia nimeshinda.

Nilimaliza mwaka 2020. Nilikuwa nimeiota Buzwagi tangu utotoni, tangu ilipofunguliwa mwaka 2009 na magari yake kuanza kupita mjini Kahama. Nilipofika kwenye soko la ajira, Buzwagi yenyewe ilikuwa inafunga. Uzalishaji wa dhahabu ulikoma mwaka 2021. Barua zangu kwa migodi mingine hazikujibiwa. Nilijiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, nikaingia kwenye mafunzo ya vitendo ambayo Bodi iliyaanzisha mwaka 2003 kwa ajili ya watu kama mimi, yaani wenye shahada lakini wasio na mikono. Mafunzo hayo ni miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, na kila kazi unayofanya unaiandika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mkandarasi mmoja akanipokea. Alikuwa anajenga lambo la kunyweshea mifugo katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga, mbali na Ushetu kiasi kwamba hakuna aliyenijua.

Sasa nije kwenye udongo, maana kosa langu lote limo humo.

Msukuma anayelima huutambua udongo kwa majina. Juu kwenye miinuko kuna luseni, mchanga mwepesi. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katikati, kwenye mteremko mdogo kabla ya kufika bondeni, kuna itogolo na ibambasi, udongo wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayapenyi kwa urahisi. Wataalamu wa udongo waliokuja Usukumani wakati wa ukoloni waliyachukua majina hayo wakayatumia kwenye ramani na vitabu vyao. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na maelezo yake yanafundishwa duniani kote. Mkulima wa kwetu anaujua mpangilio huo bila kitabu, kwa kuwa ndio unaomwambia pa kupanda karanga na pa kuchimba majaruba ya mpunga.

Ibambasi inafaa kwa majaruba kwa sababu sakafu yake inashika maji. Lakini mara nyingi ina sodiamu nyingi, na udongo wa namna hiyo una tabia ya hatari: ukiwa mkavu ni mgumu kama jiwe, ukikutana na maji safi ya mvua chembe zake zinaachana na kuelea. Tuta lililojengwa kwa udongo huo linaweza kuonekana imara kwa macho na kwa vipimo vya kawaida, kisha maji yakapata ufa mdogo ndani yake, yakaanza kuubeba udongo chembe kwa chembe hadi ufa ukawa bomba. Australia iliyaona hayo kwenye mabwawa yake madogo ya udongo katika miaka ya 1960, ndipo watafiti wakagundua kwamba kuchekecha udongo na kupima unyumbufu wake hakutoshi. Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji maabara. Unachukua donge la udongo, unaliweka kwenye glasi ya maji safi, unalitazama. Maji yakianza kufuka wingu kuzunguka donge, udongo huo usiujengee bwawa bila kuutibu.

Baba alinionyesha jambo hilohilo nikiwa mtoto, kwa namna yake. Kila asubuhi ya masika tulizunguka kingo za jaruba. Maji yanayovuja yakiwa meupe, aliyaacha. Yakitoka na tope, aliingia nayo hapohapo, akafukua, akashindilia upya kwa miguu.

Saiti ilikuwa na shimo la kuchukulia udongo wa tuta. Lilikuwa limeshaidhinishwa kabla sijafika; vipimo vya kawaida vilikuwa vimefanyika na vyote vimefaulu. Kazi yangu ilikuwa kupima ushindiliaji wa kila tabaka na kuandika ripoti ya siku. Vibarua walikuwa wakiongea mbele yangu bila kujizuia, wakiamini sisikii. Wiki za mwanzo yalikuwa mambo ya kawaida, mishahara, ng'ombe, na mimi mwenyewe. Kisha shimo lilipoongezwa kuelekea upande wa mteremko, nilimsikia opereta wa mtambo wa kushindilia, mzee wa makamo, akimwambia mwenzake kwamba sasa wanachimba ibambasi, na kwamba lambo hilo halitamaliza masika mawili. Mwenzake akauliza kwa nini asiwaambie mainjinia. Akajibu kwamba aliwahi kumwambia fomeni, akaambiwa aendeshe mtambo.

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwao, nimeshika daftari. Nilielewa kila neno, na nilijua wanachokisema ni kweli. Niliendelea kuandika namba.

Kwa nini sikusema? Sababu ya kwanza ni aibu. Kusema kwamba nimesikia kungekuwa kukiri kwamba nilidanganya siku ya kwanza, na kwamba yule injinia msichana anayeongea kwa utaratibu ni binti wa mabani ya tumbaku. Nilikuwa nimetumia miaka minne kuufuta ushamba, na niliona kwamba ndio uliokuwa unasimama mlangoni kuniumbua. Ya pili ni kwamba nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Kulikataa shimo kulimaanisha kusimamisha mitambo ya kukodi, na nilijiambia kwamba mhitimu mpya hasimamishi mitambo kwa maneno ya opereta.

Ningeweza kabisa kusema bila kukitaja Kisukuma. Jioni hiyo nilibeba donge mfukoni, nikaliweka kwenye glasi chumbani kwangu. Wingu lilitoka. Nililitazama likisambaa mpaka sikuweza tena kuona upande wa pili wa glasi, nikamwaga maji nje, nikaosha glasi, nikalala. Kwenye kitabu changu cha kumbukumbu, siku ile imeandikwa kwamba tabaka limepimwa na limefaulu. Mpaka hapo mtu angeweza kuniita mwoga asiye na uhakika. Baada ya glasi ile sikuwa na shaka tena ya kujifichia.

Mabwawa ya udongo mara nyingi huumbuka yanapojazwa kwa mara ya kwanza. Bwawa la Teton, Idaho nchini Marekani, lilijengwa na idara yenye wahandisi wa kutosha, na tarehe 5 Juni 1976, likiwa bado linajazwa, maji ya tope yalionekana yakitoka asubuhi. Kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limebomoka, na watu 11 walikufa. Hapa jirani, Solai katika kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la udongo lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Nilizijua habari zote mbili wakati ule. Nilikuwa nimezijibia mtihani.

Lambo letu lilijaa mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya mvua za siku chache mfululizo. Mlinzi alipiga simu asubuhi kusema kuna mahali chini ya tuta panatoka maji. Nilipofika yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulileta mchanga na mawe kwa trekta, vibarua wakafanya kazi bila kusimama, lakini tundu lilikuwa linakua kuliko tulivyoweza kuliziba. Mchana sehemu ya tuta ilididimia na maji yakapita. Hakuna mtu aliyekufa, na nasema hivyo nikijua kwamba ilikuwa mchana na kwamba mlinzi alikuwa makini. Maji yaliingia kwenye majaruba ya mzee mmoja na ya jirani zake. Mpunga ulikuwa unakaribia kutoa masuke, ukafunikwa na tope.

Kikao kilichofuata kilihitaji chanzo. Chanzo kilichoandikwa ni ushindiliaji hafifu, na aliyeshindilia alikuwa yule opereta. Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo. Watu walisema alikuwa anakunywa, na kwamba siku nyingine alipanda mtambo akiwa na pombe kichwani.

Matokeo ya vipimo vya ushindiliaji yalikuwa kwenye faili langu, kwa mwandiko wangu. Matabaka yote aliyoyapita mzee yule yalikuwa yamefaulu, mengine kwa kiwango cha juu kuliko kilichotakiwa. Karatasi hizo zingemwondolea lawama siku ileile. Nilikuwa ndani ya kikao. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuinua mkono. Nikijipima leo, hapa ndipo nilipokosa zaidi. Kunyamaza kuhusu udongo kulitokana na hofu yangu. Kunyamaza kuhusu mzee yule nilikufanya kwa hesabu, kwa sababu faili likifunguliwa swali linalofuata lingekuwa kwamba kama ushindiliaji ni mzuri, udongo una nini, na nani alijua.

Nilikaa hivyo karibu mwaka. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulibomoka, tope likamwagika kwenye mashamba na kufika kwenye makazi. Hakuna aliyepoteza maisha. Sisemi sababu yake ilifanana na ya kwetu. Lile ni bwawa la namna nyingine na la ukubwa mwingine kabisa. Lakini picha za mashamba yaliyofunikwa niliziona nikiwa ofisini, na kwenye meza yangu ulikuwepo mpango wa kulijenga upya lambo letu. Mpango ulionyesha udongo ungetoka kwenye shimo lilelile.

Nilikwenda kwa mhandisi anayesimamia mafunzo yangu, nikamwambia yote kwa mpangilio: Kisukuma, opereta, glasi, faili. Alisikiliza bila kunikatiza. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Injinia, donge unalo?" Tulikwenda shimoni pamoja, tukachukua madonge sehemu mbalimbali, tukayaweka kwenye glasi juu ya boneti ya gari. Ya upande wa mteremko yalifuka yote. Baadaye sampuli zilipelekwa maabara na majibu yakawa hayohayo. Shimo lilihamishwa, na kwenye sehemu ya tuta la zamani iliyobaki wakaongeza jasi na kichujio cha mchanga. Ilikuwa kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na kilichopotea.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia maneno ambayo bado yananichoma. "Ungekuwa umeogopa tu, ningekuelewa. Mimi pia nilianza kazi nikiogopa. Lakini ulikuwa na karatasi ya kumwokoa mtu mzima mwenye familia, ukaikalia." Aliniagiza niandike kila kitu kwenye kitabu cha kumbukumbu kwa tarehe zake za kweli, na nilifanya hivyo. Kurasa zile zitasomwa na Bodi nitakapoomba usajili kamili. Niliandika pia barua kwa uongozi wa kampuni, nikaambatanisha vipimo. Jina la opereta liliondolewa kwenye taarifa. Kazi hakurudishiwa, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imeshajazwa.

Nilimtafuta. Alikuwa amekwenda upande wa Geita, anafanya kazi kwenye makrasha ya kusagia mawe ya dhahabu, malipo ya kutwa. Nilimwamkia kwa Kisukuma, nikipiga goti kama nilivyofunzwa nyumbani. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza mimi ni binti wa wapi. Nilipomweleza yote na kumpa nakala ya barua, aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Alisema pale kwenye makrasha hakuna anayeajiriwa kwa barua. Wanakutazama unavyofanya kazi. "Ila mwanangu, kama umekuja kweli kunisaidia, nenda ukamwambie mke wangu. Yeye na wakwe zangu wanajua niliharibu lambo la watu kwa pombe."

Ilibidi nisubiri Jumapili. Mkewe alikuwa ameita kaka zake, na walikuwepo majirani pia. Nilisimama uani nikasema kwa Kisukuma kwamba mume wake alishindilia vizuri kuliko alivyotakiwa, kwamba alikuwa ameitambua ibambasi kabla ya sisi tuliosoma, kwamba mimi nilimsikia na nikanyamaza, na kwamba nilinyamaza tena alipofukuzwa. Sijawahi kuwasilisha kitu kigumu kuliko hicho, chuoni wala kazini. Hakuna aliyecheka. Kaka mmoja aliniuliza kama ningekuwa mtoto wao wangenifanya nini, nikamwambia wangenichapa. Mama mwenyewe hakuzungumza habari za mumewe kabisa. Aliuliza mpunga wa wale wazee kule chini umelipwa na nani.

Ulikuwa haujalipwa na mtu. Kampuni ilijenga tuta ikahesabu imemaliza, na kijiji kilifurahi kupata maji ya ng'ombe.

Nilikwenda kwa mzee mwenye majaruba nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Tulikadiria magunia, yeye akataja idadi ndogo kuliko niliyoitarajia. Tuliandikishana kwenye karatasi. Mshahara wangu unakatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kabla haujanifikia, kwa hiyo nalipa kidogokidogo, kila mwisho wa mwezi, kwa simu ya mwanawe. Magunia ya jirani zake bado hatujaanza. Wao wamekubali wasubiri mpaka ya mzee yaishe, na mwenyekiti ndiye anayetunza karatasi.